Uso Uliofutwa Kwenye Kidani

Filokalo hakupenda sarafu. Watu waliposikia hivyo walicheka, maana alikuwa amekaa miaka arobaini na minne katika karakana ya Kaizari chini ya kilima cha Kelio, akichonga mihuri ya chuma inayotumika kupigia dhahabu. Lakini ni kweli. Kazi yake iliishia shimoni. Alichimba uso ndani ya chuma, pua ikizama badala ya kutokeza, sikio likiwa kibonde, na kila kitu kikiwa kimegeuzwa, cha kulia kikikaa kushoto na cha kushoto kulia, kama mtu anavyojiona majini. Akitaka kujua kama uso umekaa sawa alikandamizia bonge la nta, akaligusa kwa kidole gumba, akakunja midomo, akarudi kwenye chuma. Muhuri ukishaondoka mezani kwake kwenda kwa wapiga nyundo, hakutaka tena habari zake.

"Sarafu ni mambo ya watu wenye mifuko," alikuwa akimwambia mume wangu. "Mimi ni mtu wa mashimo."

Mume wangu, Vettio Makro, alikuwa msimamizi wa karakana hiyo, kama baba yake kabla yake. Ni baba mkwe wangu aliyemnunua Filokalo, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshushwa melini kutoka Antiokia, mwembamba, mwenye kikohozi. Mume wangu ndiye aliyemwachia huru, akampa jina la ukoo wetu kama desturi inavyotaka, na chumba kimoja juu ya duka la mkate nyuma ya nyumba yetu. Naye kila asubuhi, kama desturi inavyotaka vilevile, alikuja mlangoni kutusalimu. Hakukosa hata siku moja. Hata mume wangu alipokufa aliendelea kuja, akisimama palepale kwenye jiwe la kizingiti.

"Umeamkaje, bibi?"

"Salama, mzee Filokalo. Umekula?"

"Nimekula harufu ya mkate wa chini. Inanitosha mpaka saa sita."

Ndipo nilipomwita ndani, akapewa mkate wa kweli na jibini na tini mbili. Alikuwa mtani, wala hakumwogopa mtu. Wapiga nyundo wa karakana wote ni viziwi kwa ajili ya kelele, na yeye aliwatukana kutwa nzima huku akiwatabasamia, nao walimpungia mkono kwa furaha. Alikuwa na maneno yake juu ya kila Kaizari aliyepita mikononi mwake. Yule alikuwa na shingo ya fahali, ilikula patasi tatu. Yule mwingine hakuwa na kidevu, ikabidi amkopeshe.

"Ulimkopesha cha nani?" binti yangu Makrina alimwuliza siku moja. Alikuwa na miaka minane wakati huo.

"Cha muuza samaki wa pale kona. Hajui mpaka leo. Mpe pole."

Makrina alimwita babu. Mimi sikupenda, maana mtu aliyewahi kuwa mtumwa wetu hawezi kuwa babu wa mtoto wetu, lakini mume wangu alisema niache, nami nikaacha.

Jambo moja lazima nilieleze kwa kuwa nilijivunia sana. Upande wa nyuma wa sarafu, tofauti na uso wa Kaizari, huwekwa sanamu ya kuwaambia watu yeye ni mtu wa namna gani: Ushindi mwenye mabawa, Amani na tawi lake, Haki na mizani. Mwaka mmoja ilitakiwa Staha, kwa ajili ya sarafu za mke wa Kaizari: mwanamke aliyeketi, anavuta shela usoni kwa mkono mmoja. Filokalo alinitazama mezani kwetu kwa siku tatu bila kusema. Baadaye mume wangu aliniletea sarafu ile ikiwa mpya, akaniambia niutazame mkono. Ulikuwa mkono wangu. Ulikuwa na kidole hiki cha shahada kinachopinda kidogo kwenye ncha.

"Sikupata mwanamke mwingine anayeshika shela kama anashika ufunguo wa nyumba," Filokalo alisema.

Mkono wangu ulikwenda mpaka Britania na mpaka mto Frati. Nilikuwa mwanamke wa kutajwa. Baba yangu alinisomesha Kilatini na Kigiriki pamoja na kaka zangu, niliandika barua za mume wangu zote zenye uzito, na nyumbani kwetu hakukuwahi kuingia neno la aibu. Hatukuwa na sanamu za mababu ukumbini, kwa kuwa babu wa mume wangu naye aliwahi kuwa mtumwa. Badala yake tulikuwa na kidani.

Kidani kile kilikuwa sarafu ya dhahabu ambayo Kaizari mzee alimpa mume wangu katika sikukuu ya kurudi kwake vitani. Tuliitilia fremu ya dhahabu iliyo wazi pande zote mbili, pamoja na mkufu. Mbele alikuwa Kaizari mwenyewe na ndevu zake. Nyuma walikuwa wanawe wawili wakitazamana, mkubwa na mdogo, na maandishi yanayosema umilele wa utawala. Muhuri wa upande ule wa nyuma aliuchonga Filokalo. Mbele ya watu nilikivaa kidani miaka saba, na hapakuwa na harusi wala matanga mtaani kwetu ambako hawakukijua.

Kaizari mzee akafa, wana wakarithi pamoja, na kabla mwaka haujaisha mkubwa akamwua mdogo. Sina la kuongeza hapo, mji mzima unajua. Amri ikatoka kwamba mdogo hakuwahi kuwako. Mafundi walipanda ngazi kwenye malango kufuta jina lake kwenye mawe. Katika picha za ukutani alipakwa chokaa. Karakana iliagizwa mihuri yake yote ipondwe, na Filokalo, aliyekuwa amekwisha kuacha kazi kwa sababu macho yalikuwa yanamfifia, aliitwa kuwasaidia kuitambua. Alirudi jioni. Nilimpa supu ya maharage, hakuigusa.

"Mihuri kumi na tisa, bibi," alisema. "Nimeitambua kwa kidole. Kila nikiisha kusema ni huyu, nyundo."

Makrina alikuwa na miaka kumi na sita. Mume wangu alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Nilikuwa nimemtafutia binti yangu mchumba kwa jasho langu: mtoto wa Salvio Kandido, mkuu wa maghala ya nafaka ya Kaizari. Kwa watu kama sisi huo ulikuwa mlango ambao haufunguki mara mbili. Siku ya uchumba ilikuwa imepangwa, na Tertula, mke wa Salvio, alikuwa amekwisha kuniambia kwenye hamamu, mbele ya wanawake wengine, kwamba anatamani kukiona kile kidani kwa karibu.

Nilimwita Filokalo asubuhi baada ya salamu. Nikamwambia kilichokuwa moyoni: uso wa mdogo ufutwe, wa mkubwa ubaki, ili nikivae kidani siku ile kama mtu mtii.

"Bibi, kiyeyushe," alisema. "Mwambie sonara akutengenezee hereni. Dhahabu haikumbuki kitu."

"Watu wanakumbuka. Nisipokivaa watauliza nimekificha kwa nini."

"Waambie umekitoa kwa utii."

"Mzee Filokalo, hiki ndicho mume wangu alichoniachia. Nikikiyeyusha nitawaonyesha nini? Wewe?"

Alicheka. "Mimi sina fremu."

Nililifunga dirisha. Ng'ambo ya ua kulikuwa na mwanamke aliyekaa roshani kutwa akipepeta dengu na habari za watu, nami sikutaka aone.

"Mwanga umekwenda wapi?" Filokalo aliuliza.

"Nimefunga. Majirani."

"Basi nifanye kwa kidole. Kwani kuna tofauti gani?" Akakipokea kidani, akapitisha kidole gumba juu ya wale wawili, polepole, akarudia. Akakunja uso. "Hivi ndivyo wanavyokaa nje? Sijazoea. Ni kama kumshika mtu mgongoni wakati ulimjua kwa mbele." Akarudia tena. "Wamelika. Umewavaa sana, bibi. Nilimwekea mkubwa taji la majani kichwani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kutangazwa Kaizari, na mdogo nikamwacha kichwa kitupu. Ndiyo tofauti yao peke yake, sura zao zilikuwa moja. Hebu niangalizie. Mwenye majani yuko upande gani?"

Akanyoosha mkono, kidani kwenye kiganja.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Barua nilikuwa nazisoma kwa kunyoosha mkono mbali, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Chumba kilikuwa na giza nililolitia mwenyewe. Nilikiinamia kidani nikaona dhahabu na ukungu. Ningesema, Sioni, mzee, ngoja nifungue dirisha. Ni maneno matano. Nikasema:

"Wewe ndiye uliyewachonga. Unaniuliza mimi?"

"Kweli," akasema, na akaona haya. Nilimwona akiona haya. "Kweli, bibi. Ngoja." Akafumba macho, na mkono wake wa kulia ukawa unacheza hewani, unachonga tena ile kazi ya miaka saba nyuma. "Mdogo yuko kushoto. Nilianza na yeye kwa sababu chuma kilikuwa na doa upande wa kulia. Ndiyo. Kushoto."

Akaweka patasi upande wa kushoto, akakwangua. Haikuchukua muda. Yule kijana alitoka kama ngozi ya kitunguu, unga wa dhahabu ukaangukia kitambaa nilichokuwa nimetandika. Filokalo alipulizia, akalainisha kwa ncha, akanirudishia.

"Samahani, mtoto," alisema. Hakuwa akiniambia mimi.

Alipoondoka nilifungua dirisha. Nikanyoosha mkono mpaka mwisho, nikakigeuza kidani kwenye jua. Pale kwenye ukingo wa sehemu iliyokwanguliwa yalikuwa yamebaki majani mawili. Madogo, kama miguu ya mbu. Na yule aliyebaki upande wa kulia, akitazama mahali ambapo ndugu yake hayupo, kichwa chake kilikuwa kitupu.

Tulikuwa tumemfuta Kaizari aliye hai na kumwacha yule ambaye hakuwahi kuwako.

Zilibaki siku nne. Kidani kingeweza kuyeyushwa ndani ya siku moja, tena na sonara wa mtaa uleule. Lakini nilikuwa nimemwahidi Tertula, na nilijiambia kwamba nitakivaa na Kaizari mzee mbele, na hakuna mgeni mwenye adabu atakayekigeuza kifuani mwa mwenye nyumba. Filokalo sikumwambia. Kila asubuhi alikuja kunisalimu, nikamjibu salama.

Siku ya uchumba ua ulijaa. Palikuwa na nguruwe wa kuchoma, mizeituni, mikate ya asali. Filokalo alikuwa ameketi meza ya chini pamoja na watu wetu wengine walioachiwa huru, amevaa kanzu yake nzuri, akiwachekesha. Pete ilivishwa, kijana akambusu Makrina, tukapiga makofi. Kisha Tertula akanijia. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho ya mnunuzi wa samaki.

"Mkwe, hebu tukione hicho kidani. Au hakipendi kushikwa na wageni?"

"Kimezeeka kama mimi, mwenzangu."

"Basi mtakuwa mmependeza wote wawili." Wanawake wakacheka. Alikuwa amekwisha kukishika. "Huyu baba yao, ndevu zake hizi. Nyuma je?" Akakigeuza. "Aa! Mmoja amenyolewa. Vizuri sana. Tena amenyolewa mpaka mfupa." Wakacheka tena. Halafu akasogeza kidani karibu, na kicheko chake kikakatika. "Salvio. Njoo uangalie kitu. Ni macho yangu, au huyu aliyebaki hana taji?"

Salvio alinivua mkufu kwa adabu, akaenda nao katikati ya ua, kwenye mwanga juu ya birika. Alipogeuka, alikuwa mtu mwingine. Hakupaza sauti. Wageni tisa walikuwa wamesikia, na mmoja wao alikuwa mwandishi katika ofisi ya mkuu wa mji. Salvio alimtazama huyo kwanza, ndipo akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba hata yeye hana nafasi tena ya kunyamaza.

"Nani amefanya kazi hii?"

Wote walionisikia siku ile wanakumbuka nilivyosema.

"Nilimpa Filokalo, mtu wa marehemu mume wangu, akisafishe. Kumbe amefanya ya kwake. Mimi sikuwapo."

Alikuja bado ana kipande cha mkate mkononi. Hakuwa akijua anaitiwa nini. Salvio alimweleza.

"Mdogo yuko kushoto," Filokalo alisema. "Nilimtoa wa kushoto."

"Wa kushoto ni Kaizari, mzee."

"Haiwezekani. Nilianza na mdogo, doa la chuma lilikuwa kulia..." Mkono wake wa kulia ulinyanyuka, kiganja kikitazama chini, kisha taratibu akakigeuza kikatazama juu. Watu hawakuelewa anafanya nini. Mimi nilielewa. "Ah," alisema. "Kushoto kwa chuma. Kwenye sarafu ni kulia." Akatikisa kichwa kama fundi aliyekata ubao mfupi. "Miaka arobaini na minne, halafu mtu unafanya hivi."

"Nani alikutuma?"

Akageuza uso upande ambao sauti yangu ilikuwa imetokea. Macho yake yalikuwa na utando, sijui alikuwa anaona nini.

"Amri ilitangazwa mji mzima," alisema. "Nilidhani nasaidia."

"Bibi yako alikuwapo?"

Palikuwa na nzi juu ya nyama. Nilikuwa nawasikia.

"Bibi hakuwapo," Filokalo alisema.

Yule mwandishi aliandika, na watu wakamchukua Filokalo akiwa na kanzu yake nzuri. Kwa ajili ya uzee hawakumwua. Alihukumiwa machimbo ya mawe, ng'ambo, Sardinia. Mpaka meli ilipopatikana aliwekwa siku kumi na mbili kwenye nyumba ya kufungia wafungwa karibu na mto.

Sikwenda. Mjane anayelinda harusi ya bintiye hawezi kuonekana kwenye lango lile, ndivyo nilivyojiambia. Nilifunga mkate, soksi za sufu na koti la marehemu, nikampa mtumishi. Makrina alimnyang'anya mtumishi mzigo, akaenda mwenyewe. Aliporudi alikaa kando yangu bila kuvua shela.

"Amechukua soksi. Koti amelirudisha, amesema ni la mwenye nyumba."

"Amesema nini tena?"

"Ameniomba nta. Nilipata kidogo kwa mlinzi, muhuri wa barua. Akaifinyanga, akachora watu wawili kwa kucha, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema, Mwambie mama yako kosa ni la kazi. Ni langu, asilichukue yeye." Akanitazama. "Kwa nini aseme hivyo, mama? Kwani ulikuwapo?"

"Hapana," nikasema.

"Mama."

"Nimesema hapana. Kanawe, umetoka mahali pachafu."

Harusi ilifanyika mwezi wa sita. Salvio aliandika kwa mkuu wa mji kwamba nyumba yetu ni safi, na neno hilo likakubaliwa; kidani akanirudishia kimyakimya, nikakificha. Makrina akapata watoto wawili. Jina la Vettio halikuguswa, na watu mtaani walinisifu kwa jinsi nilivyosimama imara siku ile mbele ya wageni.

Ila asubuhi. Mtumishi alifungua mlango wa mbele saa ileile kama zamani, jiwe la kizingiti likiwa tupu, nami nilikuwa nimekwisha kuamka na kuvaa, nimekaa ukumbini kama mtu anayengoja kusalimiwa. Nilimwambia asifungue tena mapema. Bado niliamka.

Habari ya kifo ilikuja baada ya baridi moja, kupitia baharia. Hakuwa amepewa nyundo, alikuwa haoni. Alipewa kazi ya kufagia vipande vya mawe, na wenzake walisema aliwachekesha, na kwamba alikuwa anatambua kila mtu kwa kumpapasa uso, kisha anamwambia pua yake ingekula patasi ngapi. Akafa kwa kile kikohozi.

Miaka mitano baadaye Kaizari yule mkubwa naye aliuawa, safarini, na mmoja wa askari wake. Sasa uso wake na wa ndugu yake hakuna anayeujali, sokoni wanaangalia uzito tu. Mwaka jana, kwenye hamamu, Tertula alikuwa akisuguliwa mgongo kando yangu, na tukawa tunakumbuka mambo ya zamani, nani amekufa, nani ameachika. Mara akasema, bila kugeuka:

"Ulifanya la maana siku ile, mkwe. Ungesema ulikuwapo tungeangamia sote."

"Sikuwapo," nikasema.

"Haya." Alicheka kidogo, kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. "Mimi nilijua palepale. Hakuna mwanamke anayempa mtu dhahabu yake akatoka chumbani."

Basi yule niliyekuwa nikimficha alijua tangu siku ya kwanza bei ya hilo jina jema nililolinunua. Hakuna aliyekuwa amedanganywa isipokuwa mwandishi wa mkuu wa mji. Na Makrina, labda. Naye sina hakika.

Kaburi letu liko kwenye njia ya Latina. Jiwe limeandikwa kwamba ni la Vettio Makro, la mke wake, na la watu wao walioachiwa huru, na uzao wao. Filokalo alikuwa na haki ya kulala humo, kwa sheria. Mwili wake sina. Mwezi huu nilimwita fundi wa mawe, nikamwonyesha nafasi chini ya jina la mume wangu, ile iliyoachwa kwa ajili ya sifa zangu. Sifa hizo nilikuwa nimezitunga mwenyewe zamani: alisokota sufu, alitunza nyumba, aliishi kwa staha. Nilimpa karatasi nyingine.

Fundi aliisoma, akajikuna.

"Mama, huku si kuandika kaburi. Watu huandika mpenzi, mwema, mwaminifu."

"Najua watu wanavyoandika. Wewe chonga."

"Nianzie upande gani?"

"Upande unaosomeka."

Makrina alikuja mbio, alikuwa ameambiwa. Maandishi yalikuwa nusu. Akayasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa kuwa vumbi lilikuwa bado limejaa ndani yake: Lukio Vettio Filokalo, mchonga nyuso. Alisema bibi hakuwapo. Bibi

Fundi alikuwa ameshika patasi, anangoja.

"Lililobaki ni nini?" Makrina aliuliza.

"Alikuwapo," nikasema.

Makrina aliweka mkono kifuani, mahali ambapo kidani kingekuwa kama ningempa, lakini sikuwahi kumpa. Kimo ndani ya sanduku langu, na ule uso mmoja uliobaki nyuma yake.

"Mama, wajukuu wako watalisoma hili jiwe."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo maana nimewasomesha."

Nikampa fundi ishara aendelee.